Kabla ya Kununua Uzi: Kuchagua Mwongozo wa Sweta la Kwanza



Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima, nasi hatukuja hapa kuupinga msemo huo. Shambani una haki yake. Lakini kwa anayefuma sweta lake la kwanza, kuchagua ni nusu ya kazi, tena ni ile nusu ambayo mtu huifanya kabla hajajua lolote. Mfumaji mgeni huchagua mwongozo kwa picha, uzi huuchagua kwa rangi, na sindano huazima zilizopo. Makosa ya uchaguzi huo hayaonekani siku ya kwanza. Huonekana baada ya miezi miwili, sweta linapovalishwa mwenyewe.

Tuanze na shauri moja lililofika mezani kwetu. Mama mmoja wa nyanda za juu kusini, ambako mwezi wa Juni na Julai watu huamka wakakuta sakitu juu ya majani ya viazi, aliamua kumfumia mwanawe wa darasa la pili sweta la bluu la shule. Alijua kufuma mitandio na kofia; sweta hakuwahi. Alinunua mwongozo kwa simu kutoka kwa muuzaji wa nje, umeandikwa kwa Kiingereza na kutangazwa kuwa ni rahisi kwa wanaoanza. Mwongozo ulitaka sindano namba 8. Mama mkwe wake alikuwa na sindano kuukuu za chuma zilizogongwa namba 8 kichwani, nazo zikaonekana kuwa ni baraka. Akaanzisha vitanzi 65 kwa mgongo, akamaliza, vitanzi 65 kwa kifua, akamaliza, mikono miwili, akamaliza, akaunganisha. Sweta lililoahidiwa kuwa na mzunguko wa sentimita 72 kifuani lilitoka na sentimita 59. Mtoto mwenyewe alikuwa na kifua cha sentimita 62. Liliingia kwa kuvutwa, likakwama kwapani.

Mama yule alikuja na madai mawili: muuzaji wa mwongozo arudishe fedha zake, na duka la nyuzi nalo lirudishe za uzi. Tulipoufungua mwongozo tukakuta, chini kabisa ya ukurasa wa kwanza, mstari mmoja wa maandishi madogo: vitanzi 18 kwa inchi 4, kwa sindano namba 8 ya Marekani. Sindano za mama mkwe zilikuwa za hesabu ya zamani ya Uingereza. Namba 8 ya Marekani ina unene wa milimita 5. Namba 8 ya zamani ya Uingereza ina milimita 4. Tena, ili balaa likamilike, hesabu hizo mbili zinakwenda kinyume: katika ile ya Marekani namba ikipanda sindano hunenepa, na katika ile ya Uingereza namba ikipanda sindano hukonda. Ndiyo maana namba 6 ya Marekani ni milimita 4, na namba 6 ya Uingereza ni milimita 5. Hapakuwa na aliyemdanganya. Hatukuwa na mtu wa kumwandikia barua.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na pale mlaji anapopotoshwa tunayo njia ya kumsaidia. Lakini sheria haiwezi kumrudishia mtu jioni za miezi miwili alizoketi karibu na taa akihesabu vitanzi. Kwa sababu hiyo tumeona tuzungumze nanyi kabla uzi haujanunuliwa.

Kwanza, neno lenyewe “rahisi”. Hakuna mamlaka inayokagua miongozo ya kufuma na kuigonga muhuri. Huko Marekani, chama cha sekta ya nyuzi kiitwacho Craft Yarn Council kimeweka madaraja manne ya ugumu, kuanzia la msingi hadi la kazi ngumu, na baadhi ya watunzi huyatumia. Hata hivyo ni mtunzi mwenyewe anayejipangia daraja. Mtu aliyefuma kwa miaka thelathini akisema kazi fulani ni rahisi, hasemi uongo. Kwake ni rahisi kweli. Wala picha haisaidii sana. Sweta lisilo na pambo laweza kuwa na bega la kukatwa kwa hesabu ya kutatanisha, na sweta lenye mistari ya rangi likawa vipande vinne vilivyonyooka kama shuka.

Tunavyoona sisi, mwongozo unaomfaa anayeanza ni ule unaomwambia kila kitu kabla hajatoa fedha, na ambao umbo la sweta lake lina maamuzi machache. Sifa hizo mbili lazima ziwe pamoja. Umbo jepesi lililoelezwa nusu nusu humwangusha mtu vilevile.

Unapoutazama mwongozo, tafuta vipimo vya sweta lililokwisha fumwa, si ukubwa wa mvaaji peke yake. Maandishi yanayosema “miaka 6 hadi 8” hayakwambii kitu. Watoto wa miaka saba hawalingani, nanyi mnawajua. Mwongozo mzuri hueleza mzunguko wa kifua wa sweta lenyewe, urefu kutoka begani hadi pindoni, urefu wa mkono, na mara nyingi huweka mchoro mdogo wenye vipimo hivyo. Ukishavipata, usimpime mtoto kwanza. Chukua sweta lake analolivaa na linalomkaa vyema, hata kama ni la mtumba, ulilaze mezani bila kulivuta, upime kwa futikamba kutoka kwapa hadi kwapa, kisha uzidishe mara mbili. Hicho ndicho kipimo unachokitafuta kwenye mwongozo. Njia hii inashinda kupima mwili, kwa sababu nafasi ya kujongea imekwisha kuingia ndani yake. Anayelazimika kupima mwili aongeze sentimita 8 hadi 10 kwa sweta la kuvaa juu ya shati, na kwa mtoto anayekua asiogope kuongeza zaidi ya hapo.

Pili, tafuta kipimo cha vitanzi. Kitanzi ni lile duara la uzi linalokaa juu ya sindano, na kipimo chake ni idadi ya vitanzi vinavyoenea katika sentimita 10 za upana. Katika miongozo ya Kimarekani mstari huo huitwa “gauge”, katika ya Kiingereza cha Uingereza huitwa “tension”. Ni mstari mmoja na ndio uliomponza mama yetu. Mwongozo usio nao uachwe, hata ukiwa wa bure, kwa maana bila huo namba zote zinazofuata hazina mizizi.

Hebu tuufanyie hesabu. Mwongozo wa mtoto unataka vitanzi 130 kuzunguka kifua, kwa kipimo cha vitanzi 18 katika sentimita 10. Gawanya 130 kwa 18, zidisha kwa 10, unapata sentimita 72. Sasa mkono wako ni wa kubana kidogo, nawe unapata vitanzi 20. Hesabu ileile inatoa sentimita 65. Vitanzi viwili tu, ambavyo kwa macho huwezi kuviona, vimekula sentimita saba za kifua. Kwa yule mama vilikuwa 22, na sweta likaishia kwenye 59. Kwa hiyo hatuna budi kusisitiza jambo ambalo kila mfumaji mgeni hulichukia: kipande cha majaribio. Fuma mraba wa sentimita 15 kwa uzi uleule na sindano zilezile, uufue kama utakavyolifua sweta, uukaushe ukiwa umelala, ndipo upime sentimita 10 za katikati. Vitanzi vikizidi, chukua sindano nene zaidi. Vikipungua, chukua nyembamba. Usijaribu kuubadili mkono wako; siku ya tatu utarudi kwenye mazoea yake.

Yupo mwalimu wa ufumaji aliyesifika kwa kulitetea jambo hili, Elizabeth Zimmermann, mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1971, Knitting Without Tears, bado husomwa. Alifundisha watu kuanza na kipimo cha mkono wao wenyewe, wakizidishe kwa upana wanaoutaka, na kutokana na namba hiyo moja wapate mikono na shingo kwa sehemu ya mia. Hatumtaki anayeanza aende mbali kiasi hicho. Tunamtaja ili mjue kwamba kipande cha majaribio si adhabu ya wanafunzi. Mabingwa nao hukifuma.

Tatu, unene wa sindano uandikwe kwa milimita. Ukikuta namba peke yake, muulize muuzaji ni hesabu ya nchi gani. Na sindano ulizorithi, ambazo maandishi yake yamefutika au huyaamini, zipime hivi: chukua uzi mwembamba wa cherehani, uzungushe sindano mara 10 bila kulundika, ukate, uunyooshe kwenye rula. Sindano ya milimita 4 itakupa sentimita 12 na nusu hivi, na ya milimita 5 itakupa karibu sentimita 16. Tofauti ya sentimita tatu haimpotezi mtu.

Sasa tuje kwenye umbo, maana hapa kuna mengi ya kuzungumza.

Sweta lililo jepesi kuliko yote kwa mikono ya mgeni ni la vipande vinne vya mraba na mstatili: mgongo, kifua, na mikono miwili, huku bega likiangukia juu ya mkono bila kukatwa kwapani. Huhitaji zaidi ya sindano mbili za kawaida, zile zinazopatikana hata katika maduka ya miji midogo. Ukijua kitanzi cha mbele na kitanzi cha nyuma, kupunguza vitanzi shingoni na kuongeza vichache mkononi, umemaliza elimu yake. Ubaya wake ni kushona. Wengi hufuma vizuri wakaharibu katika kuunganisha, kwa kuwa wanashona usiku mmoja kazi iliyofumwa kwa miezi. Ubaya wa pili ni kwamba huwezi kulijaribu mwilini mpaka liishe.

Umbo la pili ni lile linaloanzia shingoni na kuteremka, likifumwa kwa mzunguko kwa sindano mbili zilizounganishwa kwa kamba. Halina mishono, na uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kumvalisha mtoto likiwa nusu, ukaona kama linabana, na ukaamua urefu wa mwili na mikono kwa kumtazama. Mtoto akikua, unafumua pindo la chini na kuongeza. Lakini linahitaji sindano za mzunguko za urefu zaidi ya mmoja, na kwa mikono kuna ama sindano fupi nne au tano, ama ujanja wa kukunja kamba, jambo linalomsumbua mgeni. Kama katika mji wako sindano hizo hazipatikani ila kwa kuagiza, ziingize katika gharama kabla hujaamua.

Tukiulizwa, na huulizwa kila mara, tungependekeza lipi? Anayejifunza peke yake, mbali na mtu wa kumuuliza, aanze na vipande vinne. Anayeketi katika kikundi kama hiki chenu, ambamo yupo japo mmoja aliyewahi kufuma kwa mzunguko, aanze na la kuteremka. Na vyovyote iwavyo, sweta la kwanza liwe la mtoto. Si kwa sababu mtoto hana neno. Watoto wanayo maneno mengi. Ni kwa sababu sweta la mtoto wa miaka sita hula takriban nusu ya uzi wa sweta la mtu mzima, na mtu aliyemaliza kazi ndogo hujifunza zaidi ya aliyeiacha kubwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda.

Kuna maumbo tunayoyaomba muyaahirishe. Sweta la mbele wazi linadai mishipi miwili ya vifungo inayolingana, na kulinganisha huko ni kazi ya peke yake. Shingo ya herufi V inataka kupunguza kwa pande mbili kwa wakati mmoja. Misokoto, rangi nyingi katika mstari mmoja na mkono unaokatwa kwa duara kwapani ni vya sweta la tatu au la nne. Uzi wa manyoya marefu uepukwe kabisa, maana ukikosea haufumuki. Na uhuru wa kufumua ndiyo nafuu kuu ya mwanafunzi.

Jambo moja husahauliwa hata katika miongozo mizuri, nalo ni kichwa. Mtoto ana kichwa kikubwa kulingana na mwili wake. Pima mzunguko wa kichwa kwa futikamba, kisha angalia kama shingo ya sweta, ikivutwa, itafikia kipimo hicho. Pindo la kufunga vitanzi likikazwa sana, shingo inayotosha kwenye karatasi hukataa kichwani. Mwongozo unaoweka nafasi ya vifungo viwili begani kwa ajili ya watoto wadogo umetungwa na mtu aliyewahi kumvalisha mtoto anayelia.

Na rangi ya bluu ya shule, au ile nyeusi na ya kahawia iliyoiva, ni adui wa macho. Vitanzi vya giza chini ya taa ya sola havionekani. Ikiwa shule haikulazimishi rangi hiyo, fuma la kwanza kwa rangi ya kung'aa. Ikiwa inakulazimisha, kaa nje mchana.

Tufike kwenye fedha. Watu hukadiria gharama kwa bei ya mwongozo, ilhali sehemu kubwa ya fedha hukaa kwenye uzi. Tuseme mwongozo ni shilingi 12,000 na donge la gramu 100 ni shilingi 6,000. Sweta la mtu mzima la uzi wa unene wa kati aghalabu hula mita 1,000 hadi 1,400. Kama donge lina mita 200, hayo ni madonge matano hadi saba, yaani shilingi 30,000 hadi 42,000. La mtoto wa miaka sita hula mita 500 hadi 600, madonge matatu. Mwongozo wa bure uliotungwa ovyo waweza kukugharimu madonge yote hayo, na mwongozo wa bure uliotungwa vizuri, nao ipo mingi, ukakufaa kuliko wa kulipia. Bei isiwe kipimo cha ubora hapa.

Hatutawaficha pia kwamba anayetaka kuokoa fedha peke yake hatazipata kwenye kufuma. Sweta la mtumba sokoni aghalabu litamgharimu kidogo kuliko uzi mtupu. Anayefuma hulipia jambo jingine: kipimo sahihi, uimara, ufundi utakaompatia kipato baadaye, au upendo wa kazi yenyewe. Wapo pia wanaonunua masweta ya mtumba yenye uzi mzuri, wakayafumua na kuufuma upya. Ni hekima njema, ila wachague lililounganishwa kwa mshono wa vipande vilivyofumwa. Lile lililokatwa kwa mkasi na kushonwa kwa cherehani, likifumuliwa, hutoa vipande vifupi vifupi visivyofaa kitu.

Mwongozo ukiwa umeandika kiasi cha uzi kwa madonge au gramu bila mita, hesabu haitimii. Gramu 100 za uzi mmoja zaweza kuwa mita 200, na gramu 100 za mwingine zikawa mita 290. Nunua kwa mita. Soma lebo ya donge: itaonyesha urefu, malighafi, sindano inayopendekezwa, na namba mbili za rangi. Namba ya kwanza ni ya rangi yenyewe. Ya pili ni ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja. Madonge ya bluu ileile yenye namba tofauti za mkupuo huonekana sawa dukani na kutofautiana juani, na mgongo wa sweta ukawa na bluu yake na mikono na yake. Nunua yote siku moja, yenye namba moja ya mkupuo, na donge moja la ziada. Kabla ya kulipa muulize mwenye duka kama atalipokea donge la ziada likirudi na lebo yake, na jibu lake liandikwe juu ya risiti.

Kuhusu malighafi tutasema kwa ufupi. Pamba ni nzito na haivutiki kama sufu; sweta zito la pamba huning'inia na kurefuka. Akriliki ni nafuu, hufulika kwa urahisi na haisinyai kama sufu, lakini pasi ya mkaa huiua: ikipata joto hulegea, hulala, na hairudi tena. Sufu halisi ina joto zuri, lakini ikisuguliwa kwenye maji moto hugandamana na kuwa ndogo. Kwa watoto wachanga na wale wanaokaa karibu na jiko la kuni, kumbukeni kwamba akriliki ikishika moto huyeyuka na kugandia ngozini, ilhali sufu haishiki moto kwa urahisi.

Miongozo mingi mtakayoipata imeandikwa kwa Kiingereza na kwa vifupisho. Herufi “k” ni kitanzi cha mbele na “p” ni kitanzi cha nyuma. Mengine yapaswa kuelezwa katika mwongozo wenyewe, na usiokuwa na ufafanuzi wa vifupisho haukumlenga anayeanza. Tahadhari pia msichanganye kufuma kwa sindano mbili na kroshia. Kwenye kroshia, neno moja la Kiingereza humaanisha kitanzi kimoja Uingereza na kingine Marekani, na picha ya sweta la kroshia ikiwa ndogo kwenye simu hufanana na la sindano.

Liko jambo jipya kidogo. Katika miaka ya karibuni kumekuwa na miongozo inayouzwa mtandaoni ikiwa na picha zilizotengenezwa na kompyuta, za masweta ambayo hayakuwahi kufumwa na mtu. Anayeinunua hupata maelezo yasiyofikia picha, au yasiyofikia popote. Kuza picha na utazame vitanzi: vya kweli hupangika safu kwa safu, vya uongo huyeyuka na kuingiliana. Tafuta picha zaidi ya moja, mojawapo ikionyesha mgongo, na nyingine ikimwonyesha mtu aliyelivaa. Tafuta kama kuna watu wengine waliolifuma na kuonyesha kazi yao. Muuzaji mwenye picha moja tu ya kuvutia, asiyetaja vipimo wala mita, usimtumie fedha. Mwongozo wa kupakua ukishafunguliwa ni vigumu kuurudisha, na muuzaji akiwa nchi nyingine, mkono wetu hufika kwa shida.

Mkinunua hapa nchini, daini risiti. Mkiona kasoro, kama donge lenye mafundo mengi, rangi inayochuja kinyume cha lebo, au mita pungufu, hifadhini lebo, risiti na picha ya tangazo mliloliona, mrudi dukani kwanza, na mkishindwa kuelewana mje kwetu. Na tafadhali msikifumue kipande chenye kasoro kabla ya kutuonyesha. Zipo kesi ambazo mlalamikaji alifika na haki yake yote na mkononi ana donge la uzi tu.

Yule mama hakulipwa na yeyote. Aliligawa sweta dogo kwa mtoto wa jirani mwenye miaka minne, ambaye hadi leo hulivaa. Kisha alinunua sindano za milimita 5, akafuma kipande cha majaribio, akapata vitanzi 19, akaenda kwenye milimita 5 na nusu, akapata 18. Sweta la pili lilimchukua wiki tano.

Mezani hapa tumeweka rula, uzi wa cherehani na sindano za namba mbalimbali. Waliokuja na sindano zao wasogee tuzipime pamoja, na wenye miongozo kwenye simu waifungue ukurasa wa kwanza, tuutafute ule mstari.